Sauti Ruhusa, Mikono Marufuku

Jumamosi, 10 Septemba 2011

Nimeleta mbwa nyumbani. Nimeshaandika, basi ni kweli.

Sikutoka nyumbani na nia hiyo! Nilikwenda refuge, kituo cha wanyama wasio na wenyewe, kupeleka paka wa bibi mmoja wa pale maison de repos, nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Bibi kafariki, paka hana mtu. Kurudi nikapita kwenye vibanda vya mbwa. Wote wanabweka, huwezi kujisikia. Mmoja tu kimya. Mweupe, sikio moja la kahawia, ameketi anatazama ukuta. Nikapunga mkono — bila sababu, ni mazoea tu ya mikono yangu. Akageuka. Nikainua mkono, akainua kichwa. Nikashusha, akashusha. Miaka kumi na tisa naongoza kwaya, sijapata mwimbaji anayenitazama namna ile.

Mfanyakazi wa pale akaniambia: madame, huyo ni kiziwi. Kiziwi kabisa, tangu kuzaliwa. Amerudishwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu haitikii. Mara ya pili aliguswa usingizini, akashtuka, akang'ata mkono. Akirudishwa mara ya tatu hawatampa tena mtu yeyote. Hakusema watamfanya nini. Sikuuliza.

Wamenipa nimlee kwa muda, mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo kuna karatasi ya kumchukua moja kwa moja, na watu wazima wote wa nyumba lazima watie sahihi. Yaani mimi na Banza.

Banza, mume wangu, alisimama mlangoni dakika nzima. Kisha: "Berthe. Mbwa ni wa lupango. Shiye tuko na lupango hapa?"

Lupango! Kwetu Likasi, Afrika, kila nyumba ina uwanja wake na ukuta na mbwa wa kulinda ukuta. Hapa Ganshoren, Bruxelles, tuko ghorofa ya tatu, na balkoni ya kuanikia soksi. Nikamjibu: bon, basi balkoni ndiyo lupango.

Hajacheka.

Jumapili, 11 Septemba

Jina. Refuge walimwita Flocon. Banza anasema jina la nini kwa asiyesikia? Lakini kwetu jina la mbwa si la mbwa, ni la jirani. Mama yangu alikuwa na mbwa aliyeitwa Kazi Yako, na jirani aliyehusika alijijua.

Huyu nimemwita Baseme. Waache waseme. Madame wa ghorofa ya pili alishaanza leo asubuhi kwenye lifti: eti alidhani watu wa Afrika tunaogopa mbwa. Baseme hakusikia. Mimi nilisikia.

Jumanne, 27 Septemba

Ishara nne anazijua! Ngumi: keti, tulia. Kiganja kushuka: lala. Mikono miwili wazi: njoo. Hizo tatu ni za kwaya, nimezikopa tu — ngumi ni kukata sauti, kiganja ni kupunguza, mikono wazi ni kujaza. Ya nne nimeibuni kwa ajili yake: kidole chini, kofi kwenye paja. Maana yake, njoo hapa mguuni pangu.

Kumwamsha, napiga mguu sakafuni. Anahisi mtikisiko, anafungua macho polepole. Nimemwonyesha Banza. Banza alikuwa anatazama mpira.

Ninapoandika hapa, Baseme yuko chini ya meza. Anafuata bic, kalamu yangu, kwa macho. Mstari ukiisha, kichwa kinarudi pamoja na mkono wangu. Msomaji wa kwanza wa daftari hili, na hajui herufi.

Jumapili, 16 Oktoba

Siku mbaya. Banza alimgusa Baseme akiwa amelala. Hakung'ata! Lakini meno yalifika kwenye shati na kifungo kikaruka. Banza alikuwa mweupe kuliko mbwa.

"Lundi unamurudisha."

Nikasema Jumatatu wala siku nyingine simrudishi. Akasema nyumba ni yake pia, mkono ni wake pia, na sahihi ni yake. Hapo ana haki.

Basi nikatoa jambo nililokuwa nalificha wiki nzima. Bustanini nimekutana na mzungu mmoja, Paulette, miaka sitini na kitu, magoti mabovu, mdomo mkali. Anafundisha kwenye klabu ya mbwa kule Auderghem, ukingoni mwa msitu. Aliniona nampa Baseme ishara. Akauliza nilijifunzia wapi. Nikasema kanisani. Alicheka mpaka akashika mti. Kisha akaniambia kuna mchezo unaitwa agility: mbwa anaruka viunzi, anapita kwenye tuneli, anapinda katikati ya vijiti, na wewe unakimbia naye kumwonyesha njia. Sauti ni nyongeza tu, amesema. Mbwa anasoma mabega na mikono. Huyu wako hana cha kukosa.

Banza alisikiliza yote. Ana ubaya wake lakini husikiliza. Akauliza hayo mashindano ni lini. Nikasema wanaoanza hushindana mwishoni mwa Mei.

"Alors. Akimaliza ile tour ya viunzi mbele ya bantu, hatoroke, halume muntu, ntasinyer ile karatasi. Akishindwa anarudia kule. Nimesema."

Banza akisema amesema. Mwaka 1994 alisema hatakula tena pilipili ya shangazi yake, na mpaka leo hajaigusa.

Bon. Na mimi nimesema: atamaliza.

Jumamosi, 22 Oktoba

Somo la kwanza. Nimeanguka kwenye tope mara mbili. Baseme hajaanguka.

Kosa langu Paulette ameliona dakika ya kwanza. Mwongoza kwaya huwageukia watu wake. Mimi pia! Naruka mbele, namgeukia mbwa, nakimbia kinyumenyume nikipunga. Kwa hiyo kulia kwangu ni kushoto kwake, naye anakwenda anakoonyeshwa: kwenye kiunzi kisicho chake. Paulette anapiga kelele kutoka kwenye kiti chake: Berthe, mbele! Huongozi misa hapa!

Miaka hamsini na miwili, aide-soignante wa kuhudumia wazee, tope mpaka kwenye nywele. Jumamosi ijayo narudi.

Jumamosi, 26 Novemba

Viunzi sita mfululizo! Mimi pembeni, si mbele. Mkono mmoja tu. Nimelala muda wa saa mbili mchana kama mzee.

Jumamosi, 4 Februari 2012

Digrii kumi na moja chini ya sifuri. Theluji. Klabu imefungwa. Nimepanga chupa kumi na mbili za maji kwenye parkingi ya chini ya jengo, tumefanya vijiti huko. Madame wa ghorofa ya pili ametukuta. Akatazama. Akasema kitu. Tukaendelea.

Jumapili, 26 Februari

Ee Mungu. Niandikeje hili.

Ibada. Ukumbi wetu karibu na Gare du Nord, umejaa mpaka ngazini. Wimbo wa pili, mahali pale ambapo alto, sauti ya pili ya akina mama, wanapaswa kushuka. Kiongozi wa alto ni Maman Victorine. Mama wa heshima, kilo zake zipo, na sauti yake ikiingia madirisha yanaitika. Leo hakushuka. Nikampa ishara. Hakushuka! Hapo mkono wangu ukafanya wenyewe: kidole chini, kofi kwenye paja.

Na Victorine akaja. Ndiyo! Hatua mbili, tatu, mpaka ubavuni pangu, akasimama pale anaimba, hajui kwa nini. Kanisa zima limeona.

Huenda ingepita. Lakini Shekinah, msaidizi wangu, binti wa miaka ishirini na nne asiye na breki mdomoni, alishatutembelea bustanini. Akacheka kwa sauti mbele ya soprano wote: "Maman Berthe! Ile njo signe ya Baseme!"

Ishara gani, na Baseme ni nani? wakauliza. Shekinah akajibu.

Baada ya ibada Victorine hakunipa mkono. Aliongea na hewa, juu ya kichwa changu: "Shiye hatuko mbwa."

Kwa Kiswahili, mtu akikuita mbwa, hakuna tusi linalobaki baada ya hapo. Na mimi sikutukana! Mkono ndio ulioteleza. Nani ataniamini?

Alhamisi, 1 Machi

Mazoezi ya kwaya. Alto wote hawakuja. Saba.

Jumapili, 11 Machi

Mambo mawili, moja baya na lingine baya.

La kwanza: Paulette amenipa karatasi ya mashindano. Jumapili, 27 Mei. Nikafungua kalenda. Pentekoste! Siku kubwa ya kwaya kuliko zote, nyimbo mpya nne, majoho mapya.

La pili: Pasta Hénock ameniita baada ya ibada. Ameshasikia ya Victorine, ameshasikia ya Mei pia — hapa Bruxelles habari haipandi hata metro, inafika kabla yako. Akasema kwa upole, upole wake ndio unaouma: maman, Yesu ama mbwa?

Nikamjibu: Pasta, Yesu hajaniuliza hivyo. Umeuliza wewe.

Nilikwenda mbali, najua. Sijafuta.

Ameamua kwamba Shekinah aongoze mpaka alto warudi. Nimempa Shekinah daftari la nyimbo. Alikuwa analia, analaumu mdomo wake. Nikamwambia mdomo wako na mkono wangu ni ndugu.

Nikarudi nyumbani, nikalala chini sakafuni karibu na Baseme. Nimeumia. Kwaya hii niliianza na watu watano na gitaa lenye nyuzi nne. Lakini mwimbaji akikosa kiongozi atapata mwingine. Baseme akinikosa mimi, hakuna mwingine. Ndiyo hesabu yangu, na siibadilishi.

Jumamosi, 31 Machi

Nguo bado zimelowa mvua. Naandika vibaya.

Ugumu wetu wote ni tuneli. Bomba refu la kitambaa, limepinda katikati. Mbwa wa wenzangu akiwa ndani anasikia sauti ya mtu wake, anatoka anajua aende wapi. Baseme akiingia, hana sauti wala mimi. Giza tu. Akitoka anasimama, ananitafuta. Miguu yangu haiwahi upande wa pili.

Leo nilichelewa zaidi. Alitoka, akazunguka mara mbili, hakuniona, na hofu ikampanda. Akaruka uzio. Moja kwa moja msituni.

Watu wote wa klabu wakaanza kuita. Paulette akapiga filimbi! Halafu akajishika mdomo. Banza alikuwa kwenye gari, amenileta kwa sababu ya mvua. Nikamwona anapita mbio na viatu vyake vya ibada, anaingia msituni, anapaza sauti: "Baseme! Baseme!" Wazungu wawili wazee wa baiskeli walisimama, wakamwuliza: huyo mbwa anaitika jina lake? Banza akasema ndiyo.

Mimi nilisimama nikafikiri. Ana macho tu. Basi nisimtafute; anione. Kwenye njia panda palikuwa na lundo la magogo. Nikapanda. Nikavua koti, ndani nilikuwa na blauzi nyeupe ya kazini. Nikafungua mikono miwili. Njoo.

Nikakaa hivyo. Mvua. Niliimba moyoni nyimbo zote nne za Pentekoste, beti zote, nikaanza tena. Mabega yalikuwa yanawaka. Watu walipita, wakatazama, wakaenda. Baseme.

Kisha kitu cheupe kwenye majani. Mbali. Kikasimama. Nikasukuma mikono wazi zaidi, kama ninavyoomba sauti yote kwa mara ya mwisho. Akaja mbio, mita za mwisho akajiburuta kwa tumbo. Nimelia mbele ya watu bila haya.

Kwenye gari Banza aliendesha na viatu vya ibada vimejaa tope mpaka mzunguko wa Montgomery. Hapo akasema, anatazama barabara: "Minalisahau. Minalikuwa naita tu."

Nikamwuliza kama ile ya Mei bado amesema. Akasema: "Minasema njo vile."

Alhamisi, 19 Aprili

Nimegundua!

Nilikwenda mazoezi ya kwaya, nikakaa nyuma kabisa kama mgeni. Alto bado hawapo. Shekinah anaongoza, tenor wanachelewa kuingia, mara tatu, mara nne. Anawagombeza. Mimi nyuma naona vizuri: kosa si lao. Anawapa ishara wakati ambapo walipaswa wawe wameshaanza kuimba. Ishara hutangulia pumzi! Mtu lazima aione, avute hewa, ndipo atoe sauti. Nimewafundisha waongozaji watatu jambo hilo.

Na kwenye tuneli nafanya nini? Nakimbia kumpa Baseme ishara akitoka. Baada ya pumzi! Nimpe kabla hajaingia. Bega, mkono, upande — ndipo azame. Atoke anajua.

Nimecheka peke yangu. Shekinah alidhani namcheka yeye.

Jumamosi, 21 Aprili

Mara kumi kwenye tuneli. Mara saba ametoka anageuka upande wangu kabla hajaniona. Saba! Paulette amesema huko kuonyesha mapema hufundishwa mwaka wa pili. Nikamwambia kwetu hufundishwa wiki ya kwanza.

Jumapili, 6 Mei

Nimekwenda kwa Victorine kuomba msamaha. Kwa utaratibu: huendi peke yako, huendi mikono mitupu, na hujisemei. Nilimchukua Shekinah awe mdomo wangu — ndiyo, mdomo uleule ulioharibu, basi utengeneze. Pagne ya wax, kitenge cha heshima, vipande sita, na kilo mbili za samaki mkavu.

Victorine alituacha tukae. Akaleta maji. Shekinah akasema yote, bila kupunguza: jinsi mkono ulivyoteleza, jinsi Maman Berthe asivyolala, jinsi mbwa mwenyewe alivyo kiziwi na atakapopelekwa akishindwa. Mimi macho chini.

Victorine akavuta kifurushi kwake. Akapapasa pagne, akaitazama rangi haraka-haraka ili tusimwone. Kisha: "Pagne nakamata. Lakini amende, faini yangu, ni ingine. Nione ule mbwa munanilinganisha naye."

Jumamosi, 12 Mei

Victorine amekuja Auderghem. Na viatu vya kisigino, kwenye nyasi.

Leo yalikuwa mazoezi kama mashindano kamili, watu wamesimama kuzunguka uwanja. Tulianza vizuri. Kiunzi, kiunzi, vijiti. Halafu upande wa pili kuna mtu akampungia rafiki yake. Baseme akamwacha kila mtu, akaenda kwa yule mtu, akaketi mbele yake, anangoja.

Nikaelewa. Kwake kila mkono ni amri.

Na hapo Victorine — maskini — akaanza kueleza watu walio karibu naye kilichotokea. Victorine hajui kusema na mikono imelala! Mkono juu, mkono chini, mkono pembeni. Baseme akamwona. Akaenda kwake. Akaketi, akalala, akasimama, akazunguka, akalala tena. Victorine akatazama mikono yake mwenyewe, akaisimamisha. Mbwa akasimama. Akashusha mmoja. Mbwa akalala.

"Ananisikia!" alipiga kelele. "Alto zangu habanisikiake hivi!"

Alicheka mpaka viatu vikazama kwenye nyasi. Kwenye metro akaniambia alto watarudi Alhamisi. Kisha, polepole: yeye, siku ile kanisani, alikuja ubavuni pangu kwa sababu ishara ilikuwa wazi. Zangu nyingine, amesema, zina maneno mengi.

Nimepokea.

Jumamosi, 26 Mei

Sheria, nijikumbushe. Anakimbia shingo tupu, bila mkanda. Simgusi. Sina kitu cha kula mkononi. Kuangusha kiunzi ni kosa dogo, hatutajali. Akikataa mara tatu, tumetoka. Akitoka uwanjani, tumetoka.

Karatasi ya refuge iko kwenye droo ya Banza. Jumatano lazima irudi, na sahihi au na mbwa.

Sijala. Baseme amekula.

Jumapili, 27 Mei 2012. Pentekoste

9h40. Auderghem. Naandika kwenye buti la gari. Jua kali. Mbwa arobaini na kitu. Namba yetu 31. Wale wanaoanza watakimbia mchana.

Sasa hivi kule Gare du Nord wanaanza wimbo wa kuingia. Mkono wangu wa kulia unaujua, unapiga pajani. Baseme amekuja mara tatu kuangalia nataka nini. Nimeukalia mkono.

11h30. Nimetembea njia bila mbwa, ndiyo ruhusa yenyewe. Viunzi kumi, ubao wa kupanda, vijiti. Tuneli ni ya kumi na mbili, na baada yake kiunzi cha mwisho kiko kushoto. Kushoto! Upande wake mbaya. Nimesimama pale nikainua bega mara ishirini, watu wakidhani naumwa.

Banza amekaa kwenye kiti cha kukunja. Ana suti. Kwa nini suti? Nimemwuliza. "Ni dimanche," amesema; Jumapili ni suti.

13h15. Namba 19 ametoroka. Mbwa mzuri kabisa, anasikia kabisa, ameona ndege. Mwenye mbwa analia nyuma ya hema.

Nisitazame wengine.

13h50. Ee! Ee! Wamekuja!

Nimesikia kabla ya kuona. Kwenye njia ya kutoka kituo cha basi, majoho meupe na zambarau, watu kumi na sita, Shekinah mbele, Victorine katikati, na Pasta Hénock mwenyewe nyuma na biblia kwapani. Eti amehubiri dakika ishirini. Dakika ishirini! Siku ya Pentekoste! Shekinah anasema hilo ndilo la kuandikwa. Pasta amenipa mkono, akasema amekuja kuona kama ni kweli Yesu hakuuliza. Kisha akanibariki haraka, na mbwa pia, kwa mbali.

Nimefurahi mpaka nimewahesabu mara mbili. Halafu nikaganda. Watu kumi na sita — mikono thelathini na miwili! Watu wetu, ambao hawajawahi katika maisha yao kushangilia kitu bila kuinua mikono. Mmoja tu akipunga, Baseme ataruka kamba aende kwake. Na akitoka uwanjani, basi.

14h05. Nilianza kuwaeleza habari ya mikono. Victorine amenisukuma pembeni. Amewapanga kando ya kamba kama kwaya, warefu nyuma. Akasema: "Munisikie. Sauti, ruhusa. Muimbe, mulie, ule mbwa hasikiake. Mikono, marufuku! Nikiona mukono moja, mutanijua."

Na yeye wa kwanza akaweka mikono yake nyuma ya mgongo, akaifunga vidole. Mmoja mmoja wakafuata. Pasta ameingiza yake mifukoni. Wazungu wanatazama safu ya majoho yenye mikono nyuma, wanaulizana tumekatazwa nini. Paulette anawaeleza.

14h12. Namba 29 yuko uwanjani.

Banza amekuja kwenye buti. Ametoa karatasi ya refuge kutoka mfuko wa ndani wa suti. Imekunjwa nne. Akaifungua juu ya goti. Akanyoosha mkono.

"Lete bic."

Nikamwuliza ya nini. Hakunitazama. Anamtazama Baseme. "Lete tu. Nimechoka kungoja."

Miezi minane nimetaka kumpa bic hii! Moyo unaniambia mpe, Berthe, mpe upesi kabla ya namba 31, akishindwa je? Na mpaka Jumatano ni siku tatu tu.

Nimemkatalia. Nimesema: Banza, ulisema mbele ya watu. Watu hawa hapa. Kwanza umwone.

Anacheka! Ameikunja karatasi. Ameweka mikono yake nyuma ya mgongo, ameenda kusimama kwenye safu, kando ya Victorine, na suti yake.

14h17. Namba 30 anamaliza. Wameanza kuimba. Ni ule wimbo wa pili, na alto wanashuka mahali pake, vizuri kabisa, bila mimi. Hakuna mkono hata mmoja hewani.

Nimemvua mkanda. Shingo tupu. Baseme hawaoni waimbaji wala mbwa wengine wala jua. Anatazama mkono wangu huu unaoandika, unakwenda kulia, unarudi kushoto, kulia, kushoto, na yeye kichwa kinafuata, ameshajipanga kuruka. Naacha hapa, la sivyo mbwa ataondoka na bic ya